Bia ya nyumbani ikiharibika: tafuta chanzo kabla ya kuongeza kitu kingine

Bia ya shayiri hutengenezwa kwa maji, kimea, hopsi (maua yanayoipa uchungu) na hamira. Vingine tunavyotia, kuanzia unga wa mwani, jelatini na jasi hadi laktosi (sukari ya maziwa) na vimeng'enya, ni viongezi. Kutia viongezi si jambo geni kwetu: wapika mbege wa Kilimanjaro wametumia gome la msesewe kupata uchungu tangu enzi za mababu, na kiasi chake na wakati wake wanaujua. Shida ya wengi wanaoanza kupika bia ya shayiri nyumbani ni kwamba kiongezi kinanunuliwa kabla kazi yake haijaeleweka. Bia ikitoka na ukungu inatiwa jelatini. Isiposafika inatiwa jelatini tena, kumbe ukungu ule ni wanga, na jelatini haina habari na wanga.

Kwa hiyo hapa tunaanzia kwenye dalili: unachokiona, unachokinusa, unachokionja. Vipimo vyote ni vya lita 20 za bia. Uwe na mizani inayopima hadi gramu moja, kipimajoto, haidromita (hupima uzito wa bia ili ujue sukari iliyobaki), chupa ndogo ya iodini kutoka duka la dawa, na daftari. Daftari nalisisitiza kuliko vyote. Kama hukuandika ulitia nini, kiasi gani, saa ngapi na katika joto gani, utabaki kukisia.

Bia ina ukungu

Jaza glasi kutoka kwenye friji, iache mezani hadi ifikie joto la chumba, kisha itazame tena. Jaribio hili dogo linagawa tatizo mara mbili, na kila upande una tiba yake.

Ukungu ukitoweka bia ilipopata joto, huo ni ukungu wa baridi. Protini za shayiri na tanini (vitu vyenye ukakasi) za maganda na hopsi zimeshikana kwa sababu ya ubaridi, na zitaachana joto likipanda. Bia hiyo ni salama na ladha yake haijaguswa. Tiba yake huanzia kwenye sufuria, na kiongezi chake ni mwani.

Kinachofanya kazi ndani ya mwani ni karajinani. Ina chaji hasi, kwa hiyo huzivuta protini zenye chaji chanya, zikajikusanya mabonge na kuzama. Wapishi wa Ulaya walianza na mwani mwekundu wa pwani za Atlantiki, ule uitwao mwani wa Ireland. Lakini karajinani hiyo hiyo ndiyo inayofanya mwani wa Paje na Jambiani usafirishwe nje ya Zanzibar. Kina mama wa huko hulima aina mbili: kotonii, inayotoa karajinani ya aina ya kapa, na spinosamu, inayotoa aina ya iota. Kwa kusafisha bia, kapa ndiyo inayotakiwa. Inasikitisha kwamba kotonii, yenye bei nzuri zaidi, ndiyo inayoharibika upesi bahari inapopata joto, na wakulima wengi wamebaki na spinosamu.

Kama ulitia mwani na bado bia ina ukungu wa baridi, angalia daftari lako. Je, uliutia mwanzoni mwa kuchemsha? Karajinani ikichemka saa nzima inakatikakatika na kupoteza nguvu. Itie dakika 10 hadi 15 kabla ya kuzima moto. Kama ni vipande vikavu, viloweke kwanza kwenye maji. Je, ulitia kwa kukadiria? Gramu 5 za vipande vikavu zinatosha. Ukizidisha, mashapo yanakuwa mepesi kama pamba, hayatulii chini, na unapoteza lita kadhaa za bia pamoja nayo. La tatu, na hili wengi hawalifikirii: je, uliipoza haraka? Maji ya kimea yakiachwa yapoe yenyewe usiku kucha, sehemu kubwa ya protini haigandi inavyopaswa. Sufuria iliyokaa kwenye beseni la maji na barafu itakusaidia kuliko kijiko cha pili cha mwani.

Bia ikishachacha, mwani hauna kazi tena. Hapo ndipo jelatini inapoingia, na hapa kosa la kwanza ni joto. Jelatini inataka bia baridi, chini ya nyuzi 10. Ukiitia kwenye ndoo iliyokaa chumbani Dar es Salaam kwenye nyuzi 30, itateremsha hamira kidogo tu, na ukungu wa baridi hautaondoka, kwa sababu chembe zake bado hazijajitokeza. Kosa la pili ni kuichemsha. Changanya nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja cha jelatini kwenye robo tatu ya glasi ya maji, iache ivimbe, kisha ipashe hadi nyuzi 65 au 70 tu. Ikichemka inavunjika. Kosa la tatu ni haraka: ipe siku mbili kwenye baridi kabla ya kuhukumu. Tena hakikisha ni jelatini tupu. Ile jeli ya watoto ya pakiti ina sukari, rangi na ladha ya stroberi, na vyote vitaingia kwenye bia yako.

Wapo wanaotumia kolajeni ya samaki badala ya jelatini. Hutengenezwa kutokana na bondo, ule mfuko wa hewa ulio ndani ya samaki. Ndiyo mabondo ya sangara yanayonunuliwa kwa bei kubwa Mwanza na Kisumu na kupelekwa Asia. Husafisha hamira vizuri sana, lakini haivumilii joto hata kidogo. Ikikaa kwenye rafu ya duka lenye joto imekufa kabla hujaifungua. Kama huna friji ya kuihifadhia, baki na jelatini.

Sasa upande wa pili: glasi imepata joto na ukungu upo vilevile. Weka matone machache ya bia kwenye sahani nyeupe, dondoshea iodini. Rangi ikigeuka buluu iliyokoza au nyeusi, una wanga. (Matone hayo mwaga, usiyarudishe.) Dalili hii nimeikuta zaidi kwa wanaochanganya kimea cha shayiri na unga wa mahindi au wa mtama, ambao ni mchanganyiko mzuri na wa bei nafuu. Wanga wa shayiri hulainika katika joto lile lile ambalo vimeng'enya vya kimea hufanyia kazi, nyuzi 65 hadi 67. Wanga wa mahindi na hasa wa mtama hutaka joto zaidi ya hilo. Ukiutia unga mbichi moja kwa moja kwenye kimea, vimeng'enya haviufikii. Upike kwanza kama uji, uuache upoe hadi kiwango kinachofaa, ndipo uchanganye na kimea, na usiendelee mpaka iodini ibaki na rangi yake ya kahawia.

Bia ikiwa imeshachacha, unga wa amilesi unaweza kutiwa kwenye ndoo nao utaukata wanga. Lakini wanga ukikatwa unakuwa sukari, na hamira itaamka upya. Usijaze chupa hadi haidromita isimame tena. Nitalirudia hili kwenye chupa zinazopasuka, maana lina hatari.

Iodini isipobadilika rangi, angalia kama ulitia matunda. Embe, pera na pasheni zina pektini, na ukizichemsha pektini hiyo huachiliwa na kubaki ikielea kama utando. Kiongezi chake ni pektinesi, nacho hutiwa pamoja na tunda, kabla kilevi hakijapanda. Tunda lipashe moto bila kulichemsha, nyuzi 70 zinatosha, na pektinesi uitie likishapoa.

Huenda pia ni hamira tu iliyokawia kushuka. Kama ni bia ya ngano, ukungu ndio sura yake, iache.

Kuna anayeuliza kuhusu papai. Ni swali la maana, kwa sababu utomvu wa papai bichi una papaini, kimeng'enya kinachokata protini, na viwanda vya bia vilikitumia kwa miongo mingi dhidi ya ukungu wa baridi. Mkemia Leo Wallerstein alipata hataza ya njia hiyo Marekani mwaka 1911, na utomvu mkavu kutoka Kongo, Uganda na Tanganyika ulikuwa bidhaa ya kusafirishwa nje. Kiwandani, joto la mwisho la kuua vijidudu hukidhoofisha kimeng'enya hicho. Nyumbani hatuna hatua hiyo. Papaini itaendelea kula protini ndani ya chupa, zikiwamo zile zinazoshikilia povu. Utapata bia safi isiyo na povu. Mimi siishauri.

Ladha ya dawa, plastiki au bandeji

Harufu ya hospitali kwenye bia mara nyingi inatoka kwenye klorini. Klorini ikikutana na fenoli za kimea na hamira huunda klorofenoli, na ulimi huigundua hata ikiwa kidogo mno. Hakuna kiongezi kinachoiondoa ikishaundwa. Bia hiyo imwage, usiipe muda wala jelatini.

Chanzo cha kwanza ni maji ya bomba. Vidonge vya metabisalfaiti huondoa klorini na kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) kwa dakika chache. Kidonge kimoja kinatibu takriban lita 75, kwa hiyo kwa ndoo yako robo kidonge inatosha. Kisage, kikoroge kwenye maji baridi kabla hujawasha moto, kisha endelea. Klorini ya kawaida huondoka pia kwa kuchemsha, au maji yakilala wazi usiku mmoja. Kloramini haiondoki hivyo.

Chanzo cha pili kinajificha. Watu husema, "Mimi natumia maji ya mvua, klorini itoke wapi?" Uliza nyumbani nani alitia dawa ya kutibu maji ya kunywa kwenye pipa. Dawa ile ni klorini. Chanzo cha tatu ni jiki iliyotumika kuosha ndoo na mpira wa kuhamishia bia, ikasuuzwa juu juu. Plastiki iliyokwaruzwa hushika jiki kwa ukaidi. Suuza kwa maji ya moto, tena na tena, au tumia dawa ya kutakasa isiyo na klorini.

Ukinusa karafuu badala ya hospitali, hilo ni jambo jingine. Hamira za bia ya ngano ya Ujerumani hutoa harufu hiyo kwa asili. Kama hukutumia hamira hiyo, hamira ya porini imeingia kwenye ndoo, na tatizo ni usafi.

Ukinusa kiberiti kilichotoka kuzimwa, kuna uwezekano ulizidisha metabisalfaiti, labda ulitia kidonge kizima au viwili. Harufu hiyo hupungua kadiri siku zinavyopita. Mwenye pumu asipewe bia hiyo, kwa kuwa salfaiti inaweza kumbana kifua.

Hamira imesimama kabla ya kumaliza

Usiamini mapovu, pima kwa haidromita siku mbili tatu mfululizo. Tuseme bia ilianza 1.050, na sasa imekwama 1.020.

Swali la kwanza: ulitia laktosi, au maltodekstrini, ule unga wa kuipa bia unene? Hamira ya bia haili laktosi kabisa. Nusu kilo ya laktosi kwenye lita 20 huongeza takriban nukta 9 (yaani 0.009) kwenye haidromita, na nukta hizo hazitashuka. Ukizitoa, bia yako imefika 1.011, yaani imemaliza. Nimeona watu wakitia pakiti ya pili ya hamira, kisha ya tatu, kwenye bia ya maziwa iliyokwisha kuchacha vizuri.

Swali la pili: ulitia juisi ya boksi? Soma pakiti. Ikitaja sorbeti ya potasiamu au benzoeti ya sodiamu, yaani E202 au E211, hicho ni kihifadhi kilichowekwa makusudi kuizuia hamira. Ongeza hamira nyingi iliyokwisha kuamshwa ukijaribu kuishinda, lakini wakati ujao kamua matunda mwenyewe.

Swali la tatu ni chakula cha hamira. Maji ya kimea kitupu yana naitrojeni ya kutosha, na kuongeza hapo ni kupoteza fedha. Naitrojeni hupungua pale sukari, asali au mahindi yanapochukua sehemu kubwa ya mapishi. Hapo gramu 5 hivi za fosfeti ya diamonia hutosha, tena mwanzoni. Kiwango cha kilevi kikishapanda hamira haiwezi tena kuipokea vizuri, na utakuwa unavilisha vijidudu vingine.

Hapa lazima niseme wazi. Fosfeti ya diamonia kwa kifupi ni DAP, jina ambalo kila mkulima wa Njombe au Nakuru analijua. Mbolea ya DAP ya mfuko wa kilo 50 isitiwe kwenye bia kamwe. Kemikali ni moja, lakini mbolea haisafishwi kwa kiwango cha chakula. Inaweza kubeba kadimiamu na uchafu mwingine wa mwambani. Kama hupati ile ya chakula, chukua kijiko kimoja cha hamira ya mkate, kichemshe kwa dakika kumi pamoja na maji ya kimea. Hamira iliyokufa ni chakula kizuri cha hamira hai.

Kisha kuna baridi, ambayo haina kiongezi. Usiku wa Limuru au Mbeya unaweza kuilaza hamira inayotaka nyuzi 18 hadi 20. Ihamishe ndoo, ifunge blanketi, itikise kidogo.

Chupa zinapasuka, au bia inaruka ikifunguliwa

Acha kusoma kama chupa moja imeshapasuka. Funika kreti kwa blanketi zito, vaa glavu nene na miwani, ziingize chupa kwenye friji au barafu, kisha uzifungue moja moja zikiwa baridi sana. Kioo cha bia iliyozidi gesi kinaweza kutoboa jicho.

Chanzo cha kawaida ni sukari ya kujazia gesi iliyopimwa kwa kijiko. Gramu 120 za sukari ya kawaida zinatosha lita 20. Iyeyushe kwenye maji ya moto, iache ipoe, changanya taratibu kwenye ndoo nzima. Ukitia sukari chupa kwa chupa, moja itakuwa kama maji na ya jirani yake bomu.

Lakini kama sukari ilipimwa vizuri, rudi kwenye viongezi. Amilesi na dada yake glukoamilesi, anayetumiwa kukausha bia, yaani kuiondolea utamu, hawalali: wanaendelea kukata wanga na sukari ndefu ndani ya chupa wiki baada ya wiki, na hamira inaendelea kula. Hopsi nyingi kavu zilizotiwa baada ya kuchacha nazo huja na vimeng'enya vyao, kwa udogo. Tunda lililoongezwa siku ya kujaza chupa ni sukari ambayo hukuihesabu. Na laktosi, ambayo hamira ya bia haiigusi, huliwa na baadhi ya bakteria na hamira za porini. Kwa hiyo bia ya maziwa iliyoingiwa na uchafu ni hatari kuliko bia nyingine.

Kinga ni ile ile kwa zote: haidromita isome namba moja kwa siku tatu mfululizo, na kama ulitia vimeng'enya au hopsi kavu, subiri wiki nzima. Tumia chupa nene za bia zinazorudishwa kiwandani. Jaza na chupa moja ya plastiki ya soda kutoka kwenye ndoo ile ile. Ikiwa ngumu kama jiwe kwenye vidole, gesi imefika, na zote ziende kwenye baridi.

Bia ikiwa tambarare, bila gesi, uliza kama kuna sorbeti iliyoingia, kama chupa zimekaa mahali pa baridi, na kama vifuniko vimekaza. Jelatini haina lawama sana hapa. Huteremsha hamira nyingi lakini huacha ya kutosha, ila tu gesi huchelewa.

Uchungu unaokwaruza koo

Mara nyingi si hopsi. Ni maji, au chumvi ulizotia kuyarekebisha.

Jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, huunoa uchungu wa hopsi na kuufanya mkavu. Maji ya Burton-on-Trent, Uingereza, yana salfeti nyingi kwa asili, ndiyo maana bia chungu za mji huo zilipata sifa karne ya 19. Kwenye lita 20, gramu 1 ya jasi huongeza takriban miligramu 28 za salfeti na 12 za kalsiamu kwa kila lita. Ukitia vijiko viwili vya chai bila mizani, umevuka miligramu 200 za salfeti, na bia nyepesi haitaubeba uzito huo. Ukitaka bia iliyojaa mdomoni, punguza jasi, tumia kloridi ya kalsiamu. Zote mbili ziwe za chakula. Jasi ya dari na ya fundi wa plasta ina gundi na vichanganyo vingine.

Kama hukutia chumvi yoyote na koo bado linakwaruzwa, fikiria maji yenye bikaboneti nyingi, kama ya visima vingi vya Bonde la Ufa. Yanapandisha pH ya kimea juu ya 5.6, na maji ya kusuuzia machicha yakiwa ya moto kupita nyuzi 77, tanini za maganda hutoka. Asidi laktiki, mililita chache huku ukipima pH, hurekebisha. Magadi hapana kabisa, hata kama bia inaonekana chachu, kwa kuwa yatakurudisha pale pale.

Povu linakufa

Osha glasi kwanza, bila sabuni yenye mafuta, uipanguse, ujaribu tena. Hapo matatizo mengi huisha. Yakibaki, tafuta mafuta: nazi, karanga, kakao. Au papaini. Au tone la dawa ya kuzuia povu lililotiwa sufuria isifurike, ambalo likizidi huacha athari.

Tumbo linaunguruma baada ya bia tamu

Ni laktosi. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki, hasa nje ya jamii za wafugaji, hawaimeng'enyi vizuri, na glasi mbili za bia ya maziwa zinatosha kuwasumbua usiku. Maltodekstrini huupa mwili wa bia unene bila shida hiyo, ingawa haileti utamu ule. Ukiamua kubaki na laktosi, andika kwa kalamu kwenye kila chupa: *ina laktosi*. Fanya vivyo hivyo kwa salfaiti, na kwa bondo la samaki, ili mgeni ajue anachokunywa kabla hujafungua kifuniko.